Kipande Kisichopaliliwa

Siku niliyokabidhi funguo za stoo ya zana, Suzana, binti aliyeshika nafasi yangu, alinitembeza bustani nzima kana kwamba mgeni ni mimi. Alikuwa na haki, maana bustani ilikuwa yake tangu saa nne asubuhi. Tulipofika chini kabisa, kwenye kile kipande kinachopakana na mawe makubwa, akasimama, akafungua daftari lake na kuniuliza, "Mzee, hiki kipande kwa nini hakipaliliwi? Nimewauliza vibarua wote, kila mmoja ananiambia nikuulize wewe."

Nikamjibu kwamba ni mazoea tu. Lilikuwa jibu la kivivu. Ukumbini walikuwa wananisubiri na soda, hotuba, na saa ya ukutani iliyofungwa kwenye karatasi ya maua, na mimi si mtu wa kuchelewesha soda za watu. Lakini huu ni mwezi wangu wa kwanza wa kukaa nyumbani, na swali la yule binti halijaniacha. Kwa hiyo namwandikia yeye, na ninyi vijana wengine mnaoshika majembe vyuoni, jibu lililo kamili. Anayetaka kujua nilipanda cheo lini akaombe faili langu. Ni jembamba na halichoshi.

Niliripoti chuoni mwanzoni mwa miaka ya tisini, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nikiwa na cheti cha kilimo, shati jeupe na viatu vinavyong'aa. Chuo chetu ni cha ualimu, kiko ufukweni nje kidogo ya mji wa Mwanza, na bustani yake inashuka kutoka nyuma ya jiko mpaka karibu na maji. Ukiwa mtu wa huku hushangazwi na mawe. Unajenga katikati yake, unaanika nguo juu yake, na watoto wanateleza hapo mpaka kaptula zinatoboka. Mimi nimezaliwa Magu, nimekua nayo. Lakini siku hiyo nilikuwa mtaalamu. Nikapima eneo kwa hatua, nikatoa sehemu yenye mawe, nikaandika katika ripoti yangu ya kwanza kwamba mawe yale "hayafai kwa matumizi yoyote." Nakala ya ripoti hiyo ninayo mpaka leo. Huwa naitoa nikitaka kucheka.

Aliyenipokea hakuwa mkuu wa chuo, alikuwa Mama Limi, mpishi mkuu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ambayo ingemfanya mtu aliyeko Ukerewe ageuke. Alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akanikagua kuanzia viatu kwenda juu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye bwana shamba mpya?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Alhamisi tunapika nini?"

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Nikaanza kumweleza kwamba kwanza nitachukua sampuli za udongo, kisha nitachora ramani ya matuta, kisha nitapanga mzunguko wa mazao. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilinitia moyo.

"Sijakuuliza udongo," akasema. "Nimekuuliza Alhamisi."

Nilikuja kuelewa kwamba jikoni kwake majani yalipikwa Jumanne na Alhamisi, siku nyingine yakiwa maharage na dagaa. Ratiba hiyo aliishika kama watu wengine wanavyoshika ibada. Kila Jumatatu, kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, aliniuliza swali lile lile, na kila Jumatatu ilinibidi niwe na jibu linaloweza kuingia kwenye sufuria.

Mengi niliyojifunza mwaka ule hayakuwa kwenye vitabu vyangu. Masika yanakupa kila kitu kwa mpigo, mchicha, matembele, bamia, nyanya, mpaka wanafunzi wanayatazama majani kama adhabu. Halafu Juni inaingia, jua linawaka, vitalu vinakauka, na jiko bado lina watu wale wale wenye njaa ile ile. Nilijifunza na zana. Usiazime jembe la mwenzako bila kumwomba, kwa sababu mpini uliozoea mkono mmoja unachubua mwingine. Kopo langu la kumwagilia alilitengeneza fundi bati wa Mirongo, kule mjini, na kichujio chake nilikibadilisha mara nyingi kuliko nilivyobadilisha viatu. Asubuhi, kabla hujamwagilia, chomeka kidole kwenye tuta. Kama udongo una ubaridi mpaka pingili ya pili, weka kopo chini ukanywe chai. Nasikia siku hizi mna kifaa cha kupima unyevu. Kidole hakihitaji betri.

Sasa tufike kwenye aibu yangu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mgagani mnaujua. Majani yake yanakaa matanomatano kama kiganja kilichofunguliwa, unanata kidogo, una uchungu, na huota wenyewe popote palipo na samadi. Bustani yetu ilikuwa na samadi, kwa hiyo masika yakiingia uliota kila mahali, hasa kile kipande cha chini. Katika masomo yangu uliandikwa kwenye orodha ya magugu, na mimi nilikuwa mtu wa kufuata orodha. Niliung'oa mpaka matuta yakawa safi kama meza. Jambo la kuchekesha ni kwamba mke wangu aliupika kila Jumapili, kwa karanga, kama mama yangu alivyoupika Magu, nami nilikuwa nalamba sahani. Jumapili niliula, Jumatatu niliung'oa. Sikuona tatizo lolote. Mgagani wa nyumbani ulikuwa chakula, mgagani wa serikali ulikuwa gugu.

Kila nilipomaliza kung'oa, Mama Limi alikuja nyuma yangu na kuokota niliouacha njiani, akaujaza kwenye kanga yake. Nikadhani anafuga mbuzi. Siku moja, kwa nia njema kabisa, nikamuuliza mbuzi wake wanaendeleaje.

Akaikaza kanga yake. "Wanakula vizuri," akasema. "Wamekusalimu."

Ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Mitumba ilijaa mjini, vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni vikawa vinatutafuta wenyewe, na mbegu zilianza kuja kwenye pakiti zinazong'aa. Mimi nilikuwa nanunua kwa Bwana Kanti, mzee wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa na duka Mirongo tangu kabla sijazaliwa. Siku moja akaniwekea mezani pakiti yenye picha ya kabichi ambayo mtu mmoja asingeweza kuibeba.

"Bwana Shamba, hii mpya kabisa. Angalia picha."

"Inastahimili joto la huku, Bwana Kanti?"

"Picha imestahimili. Imekaa dirishani mwezi mzima, rangi haijapauka."

Nilicheka, sikununua. Laiti ningebaki na msimamo huo. Januari iliyofuata, mkuu wa chuo akaniita ofisini. Alikuwa mtu mtaratibu, mzaliwa wa Usagara ya hapa hapa Mwanza, mwenye suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Bwana Shamba, kuna mfanyabiashara anataka eneo la bustani. Anataka kujenga stoo ya barafu kwa ajili ya sangara. Wizarani hawana neno, bodi nayo haina neno. Barua ni hii hapa, imebaki sahihi yangu."

"Na majani ya wanafunzi, mkuu?"

"Ndiyo nakuuliza. Mwaka jana bustani ilitulisha mpaka Julai. Agosti na Septemba tulikula majani ya sokoni. Bustani inayokwenda likizo kila kiangazi nitaitetea vipi?"

Nikamwomba msimu mmoja. Akaitazama barua, akaigeuza kifudifudi, akaweka juu yake jiwe dogo alilolitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

"Nakupa. Kuanzia masika yakiisha mpaka mvua ya kwanza ya vuli. Lakini kapu moja tu la majani likitoka sokoni likaingia jikoni kwangu, natia sahihi siku hiyo hiyo."

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Vibarua wangu wanne wangerudi kwao, na mimi ningepangiwa kutunza maua ya mbele ya ofisi, ambayo hayaliwi na mtu. Lakini niseme ukweli, hofu yangu kubwa haikuwa kazi. Nilikuwa nimeipenda ile ardhi. Nilijua kila tuta linavyokunywa maji, na kufikiria zege juu yake kuliniuma.

Nikarudi kwa Bwana Kanti, nikanunua ile kabichi. Hesabu zangu zilikuwa nzuri kwenye karatasi. Ningeivuna mwisho wa masika, ningeipanga stoo kwenye kivuli, chini ya magunia yenye unyevunyevu, nayo ingelisha chuo taratibu, ikisaidiwa na sukuma wiki ya kumwagilia kwa kopo. Nikawahamishia vibarua wote kwenye kabichi. Tuliitunza, tukaibembeleza, tukaondoa konokono mmojammoja. Kile kipande cha chini nikakitelekeza, na mgagani ukaota mpaka kiunoni.

Aprili mvua ilinyesha kama iliyosahau kufungwa. Kingo za majani ya kabichi zikawa za njano, kisha mishipa ikawa myeusi, kisha ikaja harufu ambayo sitaielezea kwa sababu huenda mnasoma mkiwa mnakula. Viwavi wakamaliza kilichobaki. Katika matuta kumi na manane nilivuna kabichi nzima moja. Nikaibeba kwa mikono miwili mpaka jikoni.

"Hii ya nani?" Mama Limi akauliza.

"Ya chuo, mama."

"Chuo kizima?"

Tangu siku hiyo mpaka anastaafu aliniita Bwana Kabichi. Wengine wakalidaka, na hata leo nikipita stendi kuna walimu wenye mvi wananisalimia hivyo mbele za watu.

Ikabidi nifikiri haraka. Zilibaki kama wiki nne za mvua. Nikaamua kukisafisha kipande cha chini, nipande mchicha na kunde viwahi maji ya mwisho. Kazi kubwa ya aina hiyo ilifanywa na wanafunzi Jumamosi, kwa utaratibu wa kujitegemea. Wao walikuwa wameshajigawa makundi mawili, Bagika na Bagalu, kama vikundi vya ngoma vya kwetu Usukumani vinavyoshindana baada ya mavuno. Hata Wahaya na Wajita waliokuwemo walichagua upande na kuutetea kama waliurithi. Wakipanga mstari na kuanza wimbo, jembe linashuka pamoja na kiitikio, na huwezi kuwazuia hata ukitaka.

Mama Limi hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani Kigongo, kwao, na angerudi siku hiyo hiyo. Saa mbili asubuhi nikawaonyesha wanafunzi mpaka wa kazi, nikawaambia, "Ng'oeni wote, msiache hata mche." Bagika wakashika mashariki, Bagalu wakashika magharibi. Ilipofika saa nne walikuwa wamekutana katikati, wakitambiana, na mgagani wa kipande kizima ulikuwa umelala chini. Nilisimama juu ya jiwe nikiwapongeza.

Ndipo nikamwona Mama Limi akishuka mteremko, bado na nguo zake za msibani na mfuko begani. Alikuwa anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia.

"Acheni! Acheni hapo hapo! Nani kawatuma?"

Wimbo ukakatika. Mikono mia moja ikaelekezwa kwangu.

Akasimama mbele yangu akihema. "Kwa nini, Bwana Kabichi? Kwa nini leo?"

"Nataka kupanda mchicha, mama. Hili gugu lilikuwa limejaa..."

"Gugu? Mimi nilikuwa nasubiri mvua ipungue niuvune niuanike! Miaka yote unauondoa ungali mdogo, naokota wa kujaza kanga tu. Mwaka huu nikauona umefika kiunoni, nikasema afadhali, huyu mtoto akili zimemrudia, ameuacha kwa makusudi. Nimekusifia mpaka Kigongo! Kiangazi hiki ulitaka nipike nini? Ile kabichi yako?"

Nilikaa chini, palepale kwenye jiwe. Neno moja lilikuwa limenirudia kichwani, nsansa. Hivyo ndivyo tunavyoyaita majani yaliyokaushwa kwa jua. Bibi yangu aliyajaza kwenye vyungu kila mwisho wa masika, nasi tukala kiangazi kizima mpaka mvua nyingine. Nilikuzwa na chakula hicho. Nilikwenda shule, nikapata cheti, nikarudi, nikakiita gugu, na sasa nilikuwa nimeamuru watu mia moja wakiondoe kwa saa mbili, wakiimba.

"Umekwisha, mama?" nikamuuliza.

Akainama, akaokota mche mmoja, akalisugua jani kwa kidole gumba. Akaangalia jua. Kisha akavua viatu vyake vya msibani na kukunja mikono.

"Umeng'olewa, haujafa. Ukikaa kwenye rundo utaoza, tukiuchambua sasa hivi utapona. Nduhu tabu, hakuna shida. Wote kaeni chini! Jani peke yake, shina tupa. Atakayeniletea shina atalitafuna mbele yangu."

Basi chuo kizima kikakaa chini kuchambua mgagani. Walimu waliokuwa wakifua nguo zao waliitwa, vibarua wakaitwa, mke wangu akaja na beseni. Mwanafunzi mmoja wa Kihaya aliuliza kwa heshima zote kama tunatengeneza tumbaku. Mama Limi akamwambia ataonja na atanyamaza. Swali likawa tutaanika wapi, kwa kuwa mikeka haikutosha na ukianika udongoni mchanga unaingia kwenye meno. Mama Limi akaangalia nyuma yangu.

Mawe yalikuwa pale, mapana, yameinamia jua, yamekauka na yana joto kama kikaango. Yale yasiyofaa kwa matumizi yoyote.

Tukayafagia, tukayasuuza kwa maji ya ziwa, tukasubiri yakauke, tukatandaza. Mpaka saa tisa mawe yote ya chini ya chuo yalikuwa ya kijani. Waliokuwa wakipita na mitumbwi walisimamisha makasia kututazama.

Mgagani unahitaji jua la siku mbili tatu, na ukinyeshewa katikati umeupoteza. Jumapili, watu wakiwa wanatoka kanisani, nikasikia ubaridi shingoni. Nikageuka. Wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani, jeusi, na chini yake maji yalikuwa yamebadilika rangi. Nilipiga kelele moja tu. Kwaya ilikuja na majoho yake, wanafunzi wa kike walifungua kanga, wa kiume walivua mashati meupe ya Jumapili. Wote wakapanda mawe wakikusanya majani. Katikati ya vurugu hiyo nikamwona mkuu wa chuo, amevua koti lake la kijivu na kulitandaza, anayakusanya kwa viganja viwili, akiyainua taratibu kutoka chini yasivunjike. Nililiona hilo, lakini nilikuwa na haraka, sikulitilia maanani. Matone ya kwanza yalipogonga mawe, gunia la mwisho lilikuwa linaingia mlangoni mwa stoo. Watu walishangilia kama timu yao imefunga bao.

Wiki zilizobaki hatukulala. Mbegu zilizokuwa zimedondoka zikaota upya, tukachuma tena, safari hii bila kung'oa. Majani ya kunde, matembele, hata mchicha uliokuwa umezidi, vyote vilipanda mawe. Mama Limi alinifundisha kuchuma kwa kucha za vidole viwili, kugeuza mchana mara mbili, na kujua umekauka kwa kuusikiliza ukiuminya. Nikiwa na cheti changu, nilikuwa mwanafunzi wake wa mwisho darasani.

Kiangazi kikaingia. Wiki ya kwanza baadhi ya wanafunzi walinung'unika kwamba wanalishwa majani makavu. Mama Limi akaipika nsansa kwa karanga na maziwa kidogo, akaiacha ichemke mpaka ikawa laini, akaweka ugali pembeni. Yule kijana wa Kihaya alirudi na sahani mara mbili, akanyamaza kama alivyoahidiwa. Likizo ya Juni ilitupunguzia midomo. Julai ikapita, Agosti ikapita, kapu la sokoni halijaingia. Lakini kila Jumatatu, tulipofungua stoo, magunia yalikuwa yamepungua, na nje anga lilikuwa jeupe bila hata kipande cha wingu.

Katikati ya Septemba tukabaki na gunia moja. Mama Limi akawa anapima kwa bakuli. Alhamisi moja alilikung'uta gunia juu ya sufuria, akaligeuza nje ndani, akalikung'uta tena.

"Ndiyo mwisho," akasema. "Jumanne hakuna."

Siku hiyo hiyo, kwa bahati niliyoiona mbaya wakati ule, mkuu wa chuo aliamua kula bwaloni. Akaketi meza ya mwisho. Mama Limi akampelekea sahani mwenyewe, mimi nikasimama karibu na mlango, tayari kwa hukumu. Mkuu akamega ugali, akachota, akala. Akala tena. Kisha akainua uso.

"Mama, hii mliianika mbichi au mliitia maji ya moto kwanza?"

Swali hilo haliulizwi na mtu asiyejua. Mama Limi akaweka mikono kiunoni. "Mbichi, juu ya mawe. Wewe umejuaje?"

Mkuu wa chuo, mtu wa kalamu tatu, akainamisha kichwa kama mwanafunzi. "Kila Jumapili nikitoka kanisani huwa nakwenda kwa mama yangu Usagara. Ananipikia hii. Nyumbani kwangu hapa nimeona haya kuiagiza, nikafikiri watasema mkuu anakula majani ya porini."

Nami nikajikuta nasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Hata mimi nakula Jumapili."

Mama Limi alitutazama, mkuu, kisha mimi, kisha mkuu tena.

"Kwa hiyo wasomi wawili," akasema, "mmekuwa mkijificha kula kitu ambacho mimi nimekiokota miaka yote kwenye takataka zenu."

Bwalo zima lililipuka kwa kicheko. Mkuu naye alicheka mpaka akafuta macho. Lakini alipoondoka hakusema neno juu ya barua, na mimi sikuthubutu kumkumbusha.

Ijumaa, jua. Jumamosi, jua. Jumapili na Jumatatu, jua lile lile. Jumatatu hiyo Mama Limi hakuniuliza swali lake, na ukimya wake uliniuma kuliko swali. Jumanne asubuhi nilishuka bustanini nikijua kwamba mchana huo ama wanafunzi watakosa majani, ama mtu atatumwa sokoni. Nikakaa kwenye tuta tupu la kabichi, nikaliaga kimoyomoyo. Nilikuwa hapo niliposikia gari la chuo likisimama nyuma ya jiko.

Nilipofika, mkuu wa chuo alikuwa anateremsha kapu yeye mwenyewe, kubwa, limefunikwa kwa kipande cha kanga. Suti yake ilikuwa na vumbi la barabara. Mama Limi akafunua kanga. Nsansa ilikuwa imejaa mpaka juu.

Mkuu akanitazama kwa uso mkavu kabisa.

"Bwana Shamba, nilisema kapu la sokoni. Hili halikutoka sokoni, limetoka kwa mama yangu. Anasema karanga mmezibania, muongeze."

Nililia, na siogopi kuandika hivyo. Mama Limi alinisukuma pembeni na kiwiko ili apite na kapu lake.

Mvua ilinyesha Ijumaa ya wiki ile, mchana, matone makubwa yakifuka mvuke kwenye mawe, na wanafunzi wakatoka madarasani kusimama chini yake bila ruhusa ya mtu. Barua ilirudishwa bila sahihi. Yule mfanyabiashara hakuwa na kinyongo, akajenga kwingine, na siku ya mahafali alituletea barafu ya soda.

Mama Limi alistaafu kabla yangu, akarudi Kigongo, na ndiko alikozikwa. Tulikwenda na gari zima la watu. Nilibeba mfuko mmoja wa nsansa, nikawapa wanawe, na walijua maana yake bila kuambiwa.

Kwa hiyo Suzana, jibu ndilo hilo. Mzunguko wa mazao upange unavyotaka, pampu ibadilishe, matuta yangu ya nyanya yahamishe kama hayakupendezi. Lakini kile kipande, masika yakiingia, kabla hujashika jembe panda mpaka jikoni ukamuulize mpishi.

Hukuniona siku ile, baada ya hotuba. Nilipitia nyuma ya jiko na saa yangu ya ukutani kwapani, nikamkuta mpishi wa sasa mlangoni. Akaniamkia, kisha kwa mazoea ya miaka yote akaniuliza, "Mzee, Alhamisi tunapika nini?" Nikafungua mdomo nijibu. Ndipo nikakumbuka kwamba si yangu tena kujibu. Nikanyoosha kidole kukuonyesha wewe, uliyekuwa unapandisha mteremko na daftari lako. Akakuita, akakuuliza. Nikasimama kwenye kona kidogo nisikie.

Ukaanza kumweleza habari za udongo. Nilicheka peke yangu mpaka getini.